Mama Mkwe Ndani ya Kishikwambi

Wanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha ufamasia walikuwa na jina lao la utani kwa programu mpya ya kusimamia mitihani. Waliiita Mama Mkwe. Ukigeuza shingo, kaona. Ukikohoa, kasikia. Ukiinuka kufunga dirisha kwa sababu ya vumbi, hasemi kitu, lakini kaweka moyoni. Halafu siku ya siku anayatoa yote mbele ya wazee, moja baada ya jingine, na wewe umeinamisha kichwa huna la kujibu.

Wenzake walipocheka juu ya jina hilo, Kona naye alicheka. Kilikuwa kicheko cha meno tu. Tangu tangazo litoke kwamba mitihani ya mwisho wa muhula ingefanyiwa nyumbani, kwenye vishikwambi, mbele ya kamera, binti huyu alikuwa anashinda tumbo joto.

Kona halikuwa jina lake la kuzaliwa. Watoto wa shule ya msingi ndio waliompa, kwa sababu jicho lake la kushoto halikuwahi kukubaliana na mwenzake. La kulia likikutazama wewe, la kushoto limeshakwenda zake kwenye kona kuangalia nani anapita. Alilipigania jina hilo lisimkae, akashindwa, na alipofika chuoni alilitaja mwenyewe kabla ya watu kuuliza. Afadhali kujichekesha kuliko kuchekwa.

Mama yake hakulipenda hata kidogo. Alikuwa fundi cherehani, chumba cha mbele cha kazi na cha nyuma cha kulala, na mteja akithubutu kusema "Kona yuko wapi leo?" fundi alikata uzi kwa meno kama anayekata shingo ya mtu. Lakini lile jicho lenyewe pia hakulitaja. Ndani ya nyumba ile walilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo lililo katikati ya uwanja: kila mtu anajua liko wapi, hakuna anayelisema. Mama akibanwa sana, alisema "ile hali yako."

"Umemwambia mwalimu kuhusu ile hali yako?" alimuuliza juma lile la tangazo, akiwa ameinamia kola ya shati.

"Nitamwambia, mama."

Na maneno yakaishia hapo.

Ajabu ni kwamba hivi vishikwambi ndivyo vilivyomkomboa Kona. Muhula wa kwanza kabisa, walipokuwa bado wanasoma darasani, alikuwa anateseka. Akimtazama mwalimu, mwalimu alidhani anatazama dirishani. "Wewe binti, huko nje kuna nini kinachokushinda dawa?" Mwalimu akimnyooshea kidole kwa swali, aliyekaa jirani ndiye aliyesimama, au wote wawili walisimama, darasa likaangua kicheko. Ubaoni nako aliona kwa jicho moja tu, na mara nyingi alinakili sifuri moja zaidi au moja pungufu. Kwenye dawa, sifuri moja ni mtu na kaburi lake.

Kisha chuo kikaleta masomo ya video. Wanafunzi waligawiwa vishikwambi, kila somo likarekodiwa, mazoezi yakawa yanasahihishwa papo hapo, na maswali yakawa yanaulizwa kwenye kundi la kuandikiana. Hapo Kona akapata nafasi yake. Mwalimu wa hesabu za dawa, mtu aliyezungumza kama anayekimbizwa na ambaye Kona hakuwahi kumwona darasani, angeweza kusimamishwa katikati ya neno, mdomo wazi, mkono hewani, mpaka Kona amalize kukokotoa. Angeweza kumrudisha nyuma mara tatu, na mwalimu asikasirike. Na kuhusu kamera yake mwenyewe, Kona aliiziba kwa kipande cha kitambaa cha bitana alichokiokota chini ya cherehani. Hakuna aliyemwona. Kwenye kundi la kuandikiana alikuwa maneno tu, na maneno yake yalikuwa yamenyooka. Mtu akikwama kwenye kipimo cha sindano ya mtoto mchanga, wengine waliandika: "Subirini Kona aamke, atatueleza." Waliokuwa wamejiunga baadaye walidhani anaitwa Kona kwa sababu anakaa kwenye nyumba ya kona.

Basi ndiyo maana tangazo lile lilimvunja miguu. Kila mtu alitakiwa kufanya jaribio la mazoezi kwanza, ili kuzoea. Kona alitoa kile kitambaa kwenye kamera, akajiona usoni kwenye kidirisha kidogo cha pembeni, akaanza kujibu. Hata hajamaliza swali la pili, utepe wa njano ukapita juu ya kioo cha kishikwambi: *Tafadhali tazama kioo.*

Alikuwa anatazama kioo.

Akakaza macho. Utepe ukapita tena. Akajaribu kugeuza kichwa kidogo kulia, ili lile jicho potovu liangukie kwenye kamera, lakini sasa la kulia, ndilo la kusomea, likawa linaona maandishi kwa taabu, na Mama Mkwe akaandika: *Tafadhali weka uso wako katikati.* Akanyoosha uso. *Tafadhali tazama kioo.* Na ile hali yake ilikuwa na ubaya mmoja ambao tangu utotoni aliujua: akiwa na hofu au uchovu, jicho lilizidi kutoroka. Kadiri alivyoogopa utepe, ndivyo alivyouleta.

Siku zilizofuata alijifunza kwa kioo cha mama yake, kile kirefu cha wateja kujipimia. Alisimama mbele ya kioo hicho, akashika kitabu, akajaribu kuliita jicho lirudi nyumbani. Lilirudi, likakaa kidogo kama mgeni mwenye haraka, likaondoka. Alichopata ni maumivu ya kichwa. Mama alimwona kutoka kwenye kiti chake cha cherehani, akasimamisha mguu, akafungua mdomo. Kisha akaufunga na kuendelea kushona.

Rafiki yake wa karibu chuoni alikuwa msichana waliyemwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Redio alimpigia simu.

"Hebu mwandikie mwalimu tu, mwenzangu. Sentensi moja. Kwani utapungukiwa nini?"

"Niandike nini?"

"Andika kwamba una makengeza!"

Kona akasikia masikio yakimwaka moto. Hata mama yake hakuwahi kulisema lile neno. Alifungua kishikwambi jioni hiyo, akaandika, "Mwalimu, shikamoo. Nina tatizo dogo la," akafuta. Akaandika, "Naomba kuuliza kuhusu kamera," akafuta. Mwisho akajiambia kwamba labda kwenye mtihani wenyewe mashine haitakuwa kali kiasi kile. Mficha maradhi ana sababu zake siku zote, na kila sababu huonekana nzuri mpaka kifo kimuumbue.

Asubuhi ya mtihani, mama hakushona. Alifunika cherehani kwa shuka, akafagia chumba cha mbele, akamwekea binti yake meza pembeni ya ukuta ambako mtandao ulikuwa unashika vizuri. Halafu akatoka, akaketi kizingitini kama askari wa benki.

"Leo hata nzi hapiti," alisema.

Kona alianza vizuri. Maswali matano ya kwanza aliyafahamu kama kiganja chake, na ingawa utepe wa njano ulipita mara moja, alivuta pumzi akaendelea. Kisha likaja swali la mtoto mwenye uzito wa kilo kumi na mbili, anayehitaji miligramu kumi na tano kwa kila kilo, na dawa ya maji yenye miligramu mia moja na ishirini katika mililita tano. Alijua njia. Aliona kabisa jibu linakuja kwa mbali. Utepe ukapita. Akapoteza namba, akaanza upya. Utepe ukapita tena, safari hii rangi ya machungwa. Nje alisikia mteja akibisha hodi, na mama akimnyamazisha kwa sauti ambayo mwenyewe aliiita mnong'ono lakini ingeweza kusikika barabarani. Jicho sasa lilikuwa limefungasha virago kabisa. Kona alilisikia likivutwa, kama uzi unaovutwa na paka.

Kioo kikawa chekundu chote. *Mtihani wako umesitishwa. Mwenendo usio wa kawaida: macho. Mwenendo usio wa kawaida: sauti ya mtu wa pili. Utaitwa mbele ya kamati ya nidhamu.*

Alikaa pale akiyatazama maandishi. Hakulia. Alinyoosha kidole akabonyeza kitufe cha kuendelea, kilichokuwa kimekufa, akakibonyeza tena, na tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Mama aliingia baada ya muda, akitabasamu. "Umemaliza mapema! Nilijua tu." Kisha akauona uso wa mwanawe, akasoma kioo polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye *sauti ya mtu wa pili* akaketi chini, sakafuni.

"Ni mimi," alisema. "Mtu wa pili ni mimi. Jamani, nimemwangusha mwanangu kwa mdomo wangu."

"Si wewe, mama."

"Nitakwenda huko chuoni. Nitakwenda na mkasi wangu."

"Mama, tafadhali. Usiende."

Siku za kusubiri kamati zilikuwa mbaya kuliko mtihani. Kila kishikwambi kilipolia, moyo wa Kona uliruka. Kwenye kundi la kuandikiana watu waliuliza, "Kona uko wapi? Swali la nane ulipata ngapi?" naye hakujibu. Kisha maswali yakapungua, na kimya kile kikamtisha zaidi: alihisi wameshajua. Kanuni ya chuo ilisema wazi kwamba anayepatikana na hatia ya udanganyifu hufukuzwa, na akifukuzwa hapokelewi na chuo kingine cha fani ile. Alikuwa akishika kijiko anasahau kukipeleka mdomoni. Mama alikuwa akishona mkono wa gauni mahali pa shingo, akifumua, akishona tena palepale.

Redio alikuja na ushauri mpya. "Sikiliza. Usiingie kwenye mambo ya macho. Sema mtandao ulikuwa unakatika, picha ikawa inaganda, ndiyo maana macho yanaonekana vile. Kila mtu anajua mtandao wetu ulivyo. Watakuonea huruma, watakupa urudie."

"Na sauti?"

"Sauti ni mteja. Hiyo ni kweli. Ukweli mmoja, uongo mmoja, vinasaidiana kubeba mzigo."

Kona alilikataa wazo hilo mchana, akalikubali jioni. Lilikuwa zuri kwa sababu halikuwa na jicho ndani yake.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano, chenye meza ndefu na mapazia mazito yaliyovutwa ili picha ionekane ukutani. Walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa naibu mkuu wa chuo, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Kulia kwake alikaa mtaalamu wa kompyuta, kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Kushoto kwake alikaa mwalimu wa hesabu za dawa. Kona alishtuka kumwona. Kwenye video alikuwa jitu. Kumbe ni mtu mfupi, miguu yake ilikuwa haifiki vizuri sakafuni.

"Keti, binti," alisema mwenyekiti. "Hatujakuhukumu. Tutatazama kwanza, halafu utasema."

Taa ikazimwa, na uso wa Kona ukatokea ukutani, mkubwa kama mlango.

Hakuwahi kujiona hivyo. Kwenye kioo cha mama mtu hujipanga, huchagua upande. Pale ukutani hakukuwa na upande wa kuchagua. Lilikuwa jicho lake, kubwa kama sahani, likiteleza kwenda pembeni, likirudi, likiteleza, na kila lilipoteleza alama nyekundu ndogo ilijitokeza juu yake. Alitaka kushuka chini ya meza. Ghafla sauti ikapasuka kutoka kwenye spika:

"Shhh! Mwanangu yuko kwenye mtihani! Nenda, rudi kesho, na hata hivyo gauni lako halijaisha, usinisumbue!"

Mwalimu wa hesabu alikohoa ndani ya ngumi. Mwenyekiti alivaa miwani, akaivua, na mdomo wake ulitetemeka kidogo.

"Huyu ndiye mtu wa pili?"

"Ni mama yangu. Ni fundi cherehani. Alikuwa anazuia watu wasiingie."

"Sawa. Huyo hakukufundisha hesabu. Sauti tuiache." Akageukia ukuta. "Lakini hili la macho, binti yangu. Muda wote unatazama kushoto. Kushoto kuna nini?"

Kona akafungua mdomo. "Mtandao..." alianza.

Sentensi ilikuwa tayari kichwani, amekwisha kuifanyia mazoezi hata mbele ya kioo. Lakini pale ukutani mtaalamu alikuwa amesimamisha picha, na ilikuwa imesimama pabaya kuliko pote, jicho moja hapa na jingine kule. Angesemaje mtandao, na lile jicho linamtazama?

"Mtandao haukuwa na shida," alisema. "Kushoto hakuna kitu. Nina makengeza."

Neno lilipotoka alishangaa jinsi lilivyokuwa dogo.

Mtaalamu wa kompyuta aliwasha taa, akamgeukia Kona. Hakuwa mkali, alikuwa mtu anayeamini chombo chake. "Samahani, lakini programu hii inafuata mboni. Imejaribiwa kwa wanafunzi wengi sana. Na ni kweli jicho lako limepinda kidogo, hata mimi naona. Lakini inawezekana mtu awe na makengeza na bado awe anasoma karatasi iliyobandikwa ukutani. Mashine inajuaje? Sisi tunajuaje?"

Lilikuwa swali la haki, na ndilo lililomtia Kona hofu kuu. Akamtazama mwenyekiti usoni, akatafuta la kusema, na ndipo likamjia, si kwa ujanja, bali kwa kuchoka.

"Mama, naomba nikuulize. Sasa hivi mimi namtazama nani?"

Mwenyekiti akavaa miwani, akamchunguza. "Unamtazama mtaalamu."

"Hapana, anamtazama mwalimu," alisema mtaalamu.

"Anatazama pazia," alisema mwalimu wa hesabu.

"Nakutazama wewe, mama. Miwani yako ina mkwaruzo kwenye kioo cha kulia, chini, karibu na pua. Tangu nianze kukuuliza sijatazama mtu mwingine."

Mwenyekiti aliivua miwani yake, akaigeuza kwenye mwanga uliopenya pembeni mwa pazia, akapitisha kidole gumba juu ya kioo. Mkwaruzo ulikuwapo.

Kona angependa mambo yaishie hapo. Hayakuishia. Mwalimu wa hesabu alisogeza kiti mbele. "Basi tumpime. Binti, lile swali la mtoto wa kilo kumi na mbili. Dozi moja ni mililita ngapi?"

Na Kona, aliyelielezea swali la namna hiyo kwenye kundi la kuandikiana mara zisizo na idadi, akasikia kichwa kimekuwa kitupu kama debe. "Mia moja na themanini," alisema.

"Mililita mia moja na themanini! Umemnyonga mtoto!"

"Hapana, samahani, hizo ni miligramu. Hizo ni miligramu, mwalimu. Naomba karatasi."

Walimpa karatasi. Kalamu ilimteleza vidoleni, akaiokota. Akainamisha uso karibu kabisa na meza, kama alivyozoea, jicho la kulia likisoma na la kushoto likizurura litakako, akaandika mistari mitatu. "Saba na nusu," alisema, kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuisikia vizuri.

"Sema kwa nguvu."

"Mililita saba na nusu."

Mwalimu akaitazama karatasi, kisha akamtazama yeye. "Wewe ndiwe yule Kona wa kwenye kundi? Anayewafundisha wenzake?" Kona akatikisa kichwa kukubali. "Mimi nilidhani ni mwanamume mtu mzima. Nilidhani pengine ni mfamasia mstaafu amejificha humo ananikosoa."

Wakamwomba atoke nje. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, nyuma ya mlango uliopitisha sauti lakini si maneno. Sauti ya mtaalamu ilipanda. Sauti ya mwenyekiti ilishuka. Mtu alicheka, na Kona akajiuliza wanacheka nini, wanamcheka nani. Alitazama vidole vya miguu yake. Alijaribu kukumbuka fani nyingine ambazo binti angeweza kusoma akifukuzwa, akakuta hajui hata moja anayoipenda. Mfanyakazi wa usafi alipita na ndoo, akamwambia, "Pole," bila kuuliza ya nini, na neno lile moja nusura limtoe machozi.

Walipomwita, mwenyekiti ndiye aliyesema. Kamati haikuona udanganyifu. Lakini haikuweza kumruhusu arudie mtihani kwa maneno matupu. Kona aende hospitali ya macho, daktari athibitishe, kisha aurudie ndani ya chuo, mbele ya msimamizi ambaye ni mtu, si mashine.

"Na swali langu la mwisho," alisema mwenyekiti. "Kwa nini hukusema mapema? Ungetuepusha na haya yote, na wewe mwenyewe usingeteseka."

Kona alifikiri. "Nyumbani hatusemi," alijibu.

Mama alikuwa amesimama nje ya geti la chuo. Alikuwa ameahidi kutokuja, na kweli hakuingia. Hakuwa na mkasi pia. Kona alimweleza yote wakitembea, na alipofika kwenye sehemu ya sauti iliyotoka kwenye spika, mama alishika kichwa. "Wamesikia gauni halijaisha? Walimu wote? Sasa nani ataniletea kitambaa!" Kisha Kona akasema, "Tunatakiwa twende kwa daktari wa macho, mama. Kwa ajili ya makengeza yangu."

Mama akamnyoosha kola mwanawe. "Twende kesho asubuhi," alisema. "Nitavaa lile gauni la bluu."

Daktari alithibitisha bila shida, akashangaa tu kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyempeleka. Mtihani wa kurudia ukafanyika kwenye chumba kidogo nyuma ya maktaba, na msimamizi alikuwa mkutubi mwenye viatu vinavyolia. Kona alidhani hofu ingeisha, lakini haikuisha. Kila viatu vilipopita nyuma yake shingo ilikakamaa, akisubiri utepe wa njano utokee hewani. Swali moja la mwisho hakulifikia. Alifaulu, si kwa alama alizozoea, na aliyaangalia matokeo kwa muda mrefu akijaribu kuamua kama ni ya kufurahia. Mama aliamua kwa niaba yake: alimshonea blauzi.

Mama Mkwe hakuondoka chuoni. Ila mtaalamu wa kompyuta alimwita Kona siku moja, akamwomba, huku akitazama viatu vyake, kama angekubali kuketi mbele ya kamera ili wajue ni wapi programu inakosea. Kona alikataa. Juma lililofuata alikubali, kwa sharti kwamba picha isionyeshwe ukutani tena. Waliketi mchana mzima. Yule kijana hakuwa mbaya. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba macho mawili yanaweza kuwa na nia mbili. Mwisho aliandika kwenye mfumo kwamba mwanafunzi yeyote mwenye sababu aombe kufanyia mtihani kwenye kile chumba cha nyuma ya maktaba, bila kuitwa mbele ya kamati.

Muhula uliofuata Kona alikwenda huko akitarajia kukaa peke yake na viatu vya mkutubi. Akakuta watu. Kulikuwa na mama aliyekuja na mtoto mchanga, dada yake akimbembeleza nje. Kulikuwa na kijana ambaye kichwa chake kilitikisika chenyewe tangu alipoanguka akiwa mdogo. Kulikuwa na mwingine ambaye kwao wanalala saba chumba kimoja, na kamera kila siku ilihesabu watu wengi mno. Wote walikuwa wa darasa lake, waliojiunga baada ya masomo ya video kuanza. Wote aliwajua kwa maandishi yao tu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kumwona sura.

Walipomaliza hawakuondoka. Waliketi kwenye ngazi za maktaba, wakipokezana yule mtoto, wakaanza kugombana kuhusu swali la tatu, lile la kuzimua dawa ya kuoshea vidonda mpaka ibaki na sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Mama wa mtoto alisema ni sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji. Kona alisema ni moja kwa kumi, akaeleza kwa kirefu, kwa kujiamini kabisa, akichora kwa kidole kwenye vumbi la ngazi.

"Ukichanganya moja na kumi unapata kumi na moja," alisema yule kijana wa kichwa kinachotikisika.

Kona akatazama alichokichora. Akahesabu tena.

"Yallah," alisema, akafuta mchoro kwa kiganja, lakini wenzake walikuwa wameshaanza kucheka, na swali la nne lilikuwa bado.